Programu sita, laptopu moja

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa kwa sababu kazi zilinibana, lakini leo kuna jambo linalonikereketa na nimeona bora niliseme. Jambo lenyewe ni hili: mradi wowote wa programu unaotengenezwa hapa Nairobi unapaswa kuamka mzima kwenye laptopu moja yenye RAM ya GB 8, kwa amri moja, huku intaneti imezimwa. Ukishindwa hapo, mimi nasema haujapangika, hata kama una wateja elfu na wakubwa wake wamepigwa picha gazetini.

Najua wako watakaonirukia. Watulie kidogo, kwanza niwaeleze wale ambao si watu wa fani hii, maana najua mko wengi mnaopita hapa.

Zamani (na sisemi zamani za kale, wengi wetu tulianzia hapo) programu ya wavuti ilikuwa kitu kimoja. Unaweka mafaili yako ya PHP kwenye folda, unawasha XAMPP, MySQL inaamka nayo, unafungua kivinjari, basi. Siku hizi ukisikia mtu anasema "mradi wetu", jua ni kijiji kizima. Chukua duka la kawaida tu linalouza mtandaoni na kupeleka mizigo Kilimani na Lavington. Kuna programu anayoiona mnunuzi. Kuna nyingine ya watu wa ofisini. Kuna API katikati inayozungumza na zote mbili. Kuna ya kushughulikia malipo ya M-Pesa. Kuna inayotuma SMS. Kuna inayompangia mtu wa bodaboda safari zake. Hizo ni sita, na bado sijahesabu hifadhidata wala foleni ya kazi zinazosubiri. Kila moja ina toleo lake la lugha, poti yake, nywila zake na vituko vyake. Zinaishi kama wapangaji wa ploti moja: mmoja akifunga mfereji, wote wanajua.

Sasa msanidi programu ameketi na laptopu yake asubuhi. Anataka kubadilisha mstari mmoja wa msimbo na kuona umefanya nini. Ataziwashaje zote?

Msidhani hili ni tatizo la makampuni makubwa peke yake. Tazameni Ushahidi, ambayo wengi tunaijivunia. Ilizaliwa Januari 2008, siku zile za ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ory Okolloh alitoa wazo kwenye blogu yake, naye pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaisimamisha kwa siku chache tu: watu wanatuma taarifa kwa SMS au kwenye wavuti, zinaonekana kwenye ramani. Ilikuwa programu moja. Mtu angeweza kuichukua, kuiweka kwenye seva ya bei rahisi na kuendelea na shughuli zake, na watu wengi duniani walifanya hivyo. Kufikia toleo la tatu ilikuwa imegawanyika: API ya PHP kwenye hazina moja ya msimbo, kiolesura cha JavaScript kwenye hazina nyingine. Sababu zao zilikuwa nzuri, sibishani nazo. Lakini maana yake ni kwamba mwanafunzi anayetaka kuchangia lazima awashe vitu viwili pamoja na hifadhidata, na vyote vielewane, kabla hajasahihisha hata koma. Wao angalau wameweka faili ya Docker humo humo kwenye hazina, na msimbo wote ni huria, uko GitHub, mtu yeyote anausoma. Kwenye ofisi nyingi zetu faili hiyo haipo. Ipo kichwani mwa mtu mmoja.

Huyo mtu mmoja mnamjua. Kila ofisi anaye. Niliwahi kufanya kazi mahali fulani Westlands ambako kuwasha mradi kulikuwa na hatua zisizoandikwa popote. Uwashe ya malipo kabla ya API, usubiri kidogo, kisha uizime na kuiwasha tena kwa sababu mara ya kwanza haipati hifadhidata. Kuna nywila ambayo uliipata kwa kuomba WhatsApp. Kuna poti ambayo lazima iwe 8081 kwa sababu mtu aliyeshaondoka aliiandika hivyo mwaka ule. Mfanyakazi mpya alikaa siku tisa kabla ya kuona ukurasa wa kwanza ukifunguka kwenye kompyuta yake. Siku tisa! Na alikuwa mtu wa mshahara. Fikirieni mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu, hana mshahara, anapanda matatu namba 111 kutoka Ngong kila asubuhi, na wiki mbili zote anasoma ujumbe wa hitilafu unaomwambia kuwa poti 5432 imeshachukuliwa. Anaona aibu kuuliza. Mwishowe anaamini kwamba yeye ndiye hajui kazi.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kupanga mradi vibaya hakuchelewishi kazi tu, kunachagua nani atabaki kwenye fani. Anabaki yule mwenye laptopu ya bei kubwa na fiber nyumbani na rafiki wa kumpigia simu usiku. Yule mwingine anarudi kuuza vifuniko vya simu Luthuli Avenue.

Na tuongee kuhusu hizo laptopu. Wengi wanaoanza hawanunui mashine mpya. Wanashuka mjini, wanazunguka maduka ya Moi Avenue na viunga vyake, wanapata ex-UK iliyotumika: kioo kizuri, betri ya saa mbili, RAM GB 8 kama una bahati. Weka Windows. Weka Docker juu yake, ambayo kwenye Windows hukaa ndani ya WSL2, na WSL2 kwa kawaida imeruhusiwa kujitwalia hadi nusu ya RAM ya mashine. Umebaki na GB 4 za Windows yenyewe, kihariri chako cha msimbo na Chrome (na Chrome mnaijua tabia yake). Kwenye ile nusu nyingine sasa unataka kuingiza kijiji kizima. Kafka peke yake, usipoigusa, inajiwekea heap ya GB 1. Elasticsearch ya matoleo ya siku hizi hujipangia heap ya karibu nusu ya kumbukumbu inayoiona. Wawili hao tu wameshamaliza chumba, na duka lenu halijauza hata soksi.

Swali langu kwa wapangaji wa mifumo: Kafka ya nini? Duka lenye malipo mia tatu kwa siku halihitaji mtambo uliobuniwa LinkedIn kwa ajili ya mafuriko ya data. PostgreSQL tangu toleo 9.5 la mwaka 2016 ina SKIP LOCKED, ambayo inakuwezesha kugeuza jedwali la kawaida kuwa foleni ya kazi bila wafanyakazi wawili kunyang'anyana kazi moja. Hifadhidata hiyo tayari mnayo. Kitu kimoja kimefutwa kwenye orodha, na mwanafunzi amepumua. Mimi naamini uzito wa kuwasha mradi ungehesabiwa kwa megabaiti mezani kabla ya kukubali teknolojia yoyote mpya, kama vile mwenye nyumba anavyouliza utalipa vipi kabla hajakupa ufunguo.

Kwa upande wa mpangilio wenyewe sina siri kubwa. Iwe mmeweka programu zote kwenye hazina moja au kila moja kwenye yake, watu watabishana hadi kesho. Google walieleza mwaka 2016 kwamba wao wana hazina moja yenye mistari takribani bilioni 2, na kila mtu akataka kuwa Google. Kwa timu ya watu watano hazina moja hurahisisha maisha, lakini hata zikiwa sita si kitu, mradi kuna folda mama iliyo juu yake, na ndani ya folda mama kuna faili ya Docker Compose na Makefile. Ndiyo, Make, ile ile ya Stuart Feldman wa Bell Labs, mwaka 1976. Imenizidi umri mara mbili na bado inafanya kazi. Amri zangu naziandika kwa Kiswahili: make washa, make zima, make jaza ya kuingiza data ya majaribio, make hali ya kuonyesha nini kimeamka na nini kimelala. Mtu haulizwi kukumbuka zaidi ya hapo.

Vitu viwili vidogo vinavyosaidia sana. Kwanza, usiweke kila kitu kwenye kontena. Hifadhidata na Redis ziweke humo, pamoja na zile programu ambazo leo huzigusi. Ile unayoibadilisha iendeshe moja kwa moja kwenye mashine, itakuwa nyepesi na hitilafu zake utaziona haraka. Compose ina kitu kinaitwa profiles kinachokuwezesha kusema "leo niamshie za malipo tu". Pili, mwambie Compose asubiri hifadhidata iwe na afya kabla ya kuwasha API. Ni mistari michache ya healthcheck, na ile desturi ya "izime uiwashe tena" inakufa siku hiyo hiyo. Poti ziandikwe zote mahali pamoja. Na ukitaka majina badala ya namba, tumia .test, ambayo imetengwa kwa kazi hiyo tangu 1999. Waliotumia .dev walikiona Desemba 2017, Chrome 63 ilipoanza kulazimisha HTTPS kwenye anwani hizo zote na miradi ikagoma kufunguka asubuhi moja.

Haya, intaneti. Kuna wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi unakodi mazingira ya kazi kwenye wingu, laptopu inabaki kuwa dirisha tu. GitHub wana Codespaces, na wengine wapo. Ni kitu kizuri na nimekitumia. Lakini kinalipiwa kwa dola, na kinadhani kwamba intaneti ni kama hewa. Hapa kwetu si hewa. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Kenya, Tanzania na Uganda zote zikakokota. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, mtandao ukazorota tena. Na hizo ni zile kubwa zilizotangazwa. Ile ya kila wiki ya transfoma kulipuka Kawangware hakuna anayeiandika. Laptopu yenye betri ina saa zake mbili. Ruta haina hata dakika moja. Mwenye mradi kamili ndani ya mashine yake anaendelea kufanya kazi gizani. Mwenye dirisha la wingu anaangalia sura yake kwenye kioo.

Kisha kuna bando. Picha za kontena za mradi wa kawaida zinaweza kufika GB kadhaa, na anayezishusha kwa bando la simu anazilipia senti kwa senti. Isitoshe, tangu Novemba 2020 Docker Hub wanaweka kikomo cha kushusha, na kwa asiyeingia na akaunti hesabu inafuata anwani ya IP. Mitandao yetu ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hiyo unaweza kukataliwa kwa sababu ya mtu wa Uthiru usiyemjua ambaye naye anajifunza Docker. Dawa ni ya kizamani: docker save kwenye flashi, docker load kwenye mashine nyingine. Mfanyakazi mpya apewe flashi siku ya kwanza pamoja na kadi ya mlango. Itamchukua dakika ishirini, na hatatumia hata shilingi ya bando.

Mtaniuliza, na M-Pesa je? Hiyo haiwezi kukaa kwenye flashi. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokata tamaa.

Safaricom walifungua Daraja, API yao ya M-Pesa, mwaka 2017, na ilitusaidia sana. Ukitaka mteja alipe, programu yako inatuma ombi, na kwenye simu yake kinaruka kile kidirisha cha kuomba PIN. Lakini jibu unalopata papo hapo si jibu la malipo. Linasema tu "ombi limepokelewa". Jibu lenyewe linakuja baadaye, Daraja likipiga hodi kwenye anwani uliyoitaja, na anwani hiyo lazima ifikike kutoka intaneti. Laptopu yako iliyo nyuma ya ruta huko Dagoretti Corner haifikiki. Basi watu hufungua njia ya chini kwa chini kwa ngrok au mfano wake, na kwa majaribio ya mwisho hiyo ni sawa. Kwa kazi ya kila siku ni mateso: njia ikikatika katikati ya jaribio, hujui kama kosa ni la msimbo wako, la ngrok, la Daraja, au la stima.

Mimi natengeneza M-Pesa bandia. Ni programu ya saba kwenye kijiji, mistari isiyozidi mia mbili, inasikiliza kwenye njia zile zile za Daraja na kurudisha JSON ya umbo lile lile. API yetu haijui tofauti. Kinachobadilika ni anwani moja kwenye faili ya mazingira, kama walivyohimiza watu wa Heroku kwenye Twelve-Factor mwaka 2011. Uzuri wa bandia ni kwamba inatii. Yangu inaangalia kiasi. Ukilipa shilingi 1, inasubiri sekunde tano na kujibu ResultCode 0, malipo yamepita. Shilingi 2 inajibu 1032, mteja amekataa mwenyewe. Shilingi 3 inajibu 1037, simu haikupatikana. Shilingi 4 inajibu mafanikio mara mbili mfululizo. Shilingi 5 haijibu kabisa, milele.

Hizo mbili za mwisho ndizo nataka mzingatie. Mazingira ya majaribio ya Safaricom yapo, na ile namba yao 174379 kila msanidi wa Kenya anaijua kama namba ya mamake, lakini huwezi kuyaamuru yajibu mara mbili au yanyamaze saa unayotaka wewe. Na hivyo ndivyo pesa za watu zinavyopotea. Jibu likija mara mbili na msimbo wako hauangalii kama malipo hayo umeshayaandika, mteja anahesabiwa mara mbili. Jibu lisipokuja, mama mboga amekatwa pesa, skrini yako inamwambia "bado hujalipa", naye analipa tena. Hitilafu ya namna hii haionekani ukiwa na programu moja moja mezani. Inaishi katikati ya programu, kwenye ile nafasi kati ya malipo, API na SMS, na utaiona tu siku zote zikiwa zimeamka pamoja mbele yako na unaweza kuzirudisha nyuma na kulipa shilingi 4 tena na tena hadi uelewe. Hii ndiyo sababu yangu kubwa kuliko hata bando na stima.

Kwa haki niseme kwamba kuna mifumo isiyoingia kwenye GB 8 hata ukiibembeleza. Mfumo mkuu wa benki hauingii. Huko sawa, fanyeni bandia za vile mnavyopakana navyo na mwashe sehemu yenu tu. Lakini wengi wanaotoa kisingizio hiki hawana benki. Wana duka la soksi.

Bado kuna data. Mahali pengi nilipoona, jibu la "nitajaza nini kwenye hifadhidata yangu?" ni nakala ya hifadhidata halisi. Majina ya wateja, namba zao za simu, namba za vitambulisho, walinunua nini na wanakaa wapi, vyote kwenye laptopu kumi zinazopanda matatu jioni. Laptopu huibiwa Nairobi, hilo si habari. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na hata kama isingekuwepo, huyo mteja wa Kangemi hakukubali jina lake lizunguke kwenye begi la mtu. Tengenezeni data bandia, na itengenezwe na mtu anayeifahamu nchi hii. Vifaa vya kubuni majina vinavyotoka Marekani vitakupa John Smith elfu moja na hitilafu hazitajitokeza kamwe. Weka mtu anayeitwa Ng'ang'a, uone ile alama ya juu itaivunja programu ipi kati ya sita. Weka mtu mwenye jina moja tu. Weka namba zinazoanza na 07, na 254, na +254, na zile za 01 zilizoanza kutolewa 2019, ambazo hadi leo fomu nyingine zinazikataa zikisema si namba halali. Kisha andika make jaza, zima Wi-Fi, na uone ni programu gani itakayolalamika kwanza.